Vitabu vya Kusikiliza: Hesabu ya Ada ya Kila Mwezi

SOMO LA REDIO KWA MADARASA YA WATU WAZIMA

Kabla ya somo. Mwalimu wa darasa aandike ubaoni maneno haya sita: ada, uanachama, krediti, masharti, kupakua, kujitoa. Wanafunzi wayasome kwa sauti mara mbili. Kila mtu awe na daftari na penseli, maana leo tutazidisha na kugawanya.

MWALIMU: Hamjambo, mabibi na mabwana mnaotusikiliza madarasani na majumbani. Somo letu la leo ni la hesabu ya nyumbani. Wiki mbili zilizopita tulizungumza juu ya kununua vitu kwa mkopo. Leo tutazungumza juu ya kitu kinacholipiwa kila mwezi, nacho ni vitabu vya kusikiliza. Pamoja nami yuko mama mmoja, mwanafunzi wa darasa la jioni, ambaye kazi yake ni fundi cherehani. Yeye ndiye aliyeleta swali. Karibu, mama.

MAMA: Ahsante, mwalimu. Swali langu ni hili. Binti yangu yuko Marekani, anafanya kazi ya usiku ya kutunza wazee. Amenipigia simu akaniambia, “Mama, unajifunza Kiingereza, nami nataka nikuandikishe upate vitabu vya kusikiliza katika simu. Nitalipa mimi kila mwezi.” Nimefurahi. Lakini fedha hiyo ni jasho lake. Sitaki itoke kila mwezi halafu mimi nisisikilize kitu. Je, nikubali au nikatae?

MWALIMU: Swali zuri, mama. Hatutajibu ndiyo wala hapana mpaka tupige hesabu. Kwanza na tujue kitu chenyewe.

1. Kitabu cha kusikiliza ni nini?

Kitabu cha kusikiliza ni kitabu kile kile cha kawaida, ila mtu mmoja amekisoma kwa sauti kutoka mwanzo hata mwisho, na sauti yake imehifadhiwa. Wewe wasikiliza kwa simu, kama unavyosikiliza redio. Tofauti ni kwamba redio haikungoji, bali kitabu hiki hukungoja. Ukikisimamisha ukaenda kuteka maji, ukirudi utakikuta pale pale ulipokiacha.

Jambo hili si geni. Mwaka 1935 huko Uingereza vilianza kutolewa vitabu vya namna hii kwa ajili ya vipofu, wakiwamo askari waliopoteza macho katika Vita Kuu ya kwanza. Vilikuwa katika santuri. Upande mmoja wa santuri ulichukua dakika 25, na hadithi moja ndefu ilihitaji santuri 10 hivi, kila moja yenye pande mbili. Andikeni: 10 mara 2 mara 25 ni dakika 500, yaani saa 8 na dakika 20. Msikilizaji alipaswa kuinuka kila baada ya dakika 25 kugeuza santuri.

Mwaka 1952, katika mji wa New York, wanawake wawili vijana, Barbara Cohen na Marianne Roney, walianzisha kampuni iliyoitwa Caedmon. Waliuza santuri za watunzi wakisoma kazi zao wenyewe. Baadaye zikaja kaseti, kisha zikaja sidii. Mwaka 1995 Don Katz alianzisha kampuni ya Audible huko Marekani, nayo ikauza vitabu vya kusikiliza kwa njia ya intaneti. Mwaka 2008 kampuni ya Amazon iliinunua. Siku hizi santuri zile zote 10 zaingia ndani ya simu yako, wala huoni mahali zilipokaa.

2. Unapolipa ada, unanunua nini hasa?

Hapa ndipo watu wengi hujikwaa. Neno ni moja, uanachama, lakini mambo ni matatu mbalimbali. Sikilizeni kwa makini, na mwandike.

Namna ya kwanza ni uanachama wa krediti. Krediti ni kama cheti cha kitabu kimoja. Kila mwezi unalipa ada, unapewa cheti kimoja, unakwenda dukani, unachagua kitabu, unatoa cheti. Kitabu hicho ni chako hata ukiacha kulipa ada. Huu ndio uanachama mkubwa wa Audible. Kwa bei za Marekani za mwaka 2024, ada yake ilikuwa dola 14.95 kwa mwezi. Kampuni nyingine iitwayo Libro.fm hufanya vivyo hivyo, nayo hugawana faida yake na maduka ya vitabu ya mitaani.

Namna ya pili ni uanachama wa kuingia ghalani. Unalipa ada, mlango unafunguliwa, unasikiliza vitabu vyote vilivyomo ndani kadiri upendavyo. Lakini huchukui kitu kwenda nacho. Siku unayoacha kulipa, mlango unafungwa na vitabu vyote vinabaki ndani. Audible ilianza uanachama wa namna hii mwaka 2020, na kwa bei za Marekani za mwaka 2024 ulikuwa dola 7.95 kwa mwezi. Ghala lina vitabu vingi, lakini si kila kitabu kinachouzwa dukani kimo humo.

Namna ya tatu ni ya saa, kama kukodi baiskeli. Kampuni ya Spotify, ambayo wengi wanaijua kwa muziki, ilianza mwaka 2023 kuwapa wanachama wake wanaolipa, katika baadhi ya nchi, saa 15 za vitabu kwa mwezi. Saa usizotumia mwezi huu hazihamii mwezi ujao.

MAMA: Mwalimu, kwa hiyo mtu aweza kulipa miaka miwili na mwisho asiwe na kitabu hata kimoja?

MWALIMU: Naam, kama uanachama wake ni wa ghala au wa saa. Huo si wizi, mama. Mtu aliyepanga nyumba naye hulipa miaka miwili na mwisho nyumba si yake, lakini amekaa humo. Ubaya ni kulipa kodi ya nyumba ukidhani unainunua. Tena jihadharini, kwa maana zipo aina za uanachama wa bei ndogo ambao wakupa kitabu kimoja kila mwezi, sawasawa na krediti, lakini kitabu hicho hukipati tena ukiacha kulipa. Kwa hiyo swali la kwanza la kuuliza kabla ya kutoa fedha ni hili: “Nikiacha kulipa, nitabaki na nini?”

3. Hesabu ya kwanza: fedha

Sasa tushike penseli. Tuchukue ada ya krediti, dola 14.95. Mwaka una miezi 12.

14.95 mara 12 ni dola 179.40.

Hiyo ndiyo ada ya mwaka mzima. Tuseme dola 1 ni shilingi 130 za Kenya. Bei ya fedha hubadilika, kwa hiyo ninyi mtatumia bei ya siku yenu. Ada ya mwezi ni shilingi 1,943 na senti 50. Ada ya mwaka ni shilingi 23,322.

Kiasi hicho si kidogo. Lakini bado hatujajua kama ni ghali au rahisi, kwa maana hatujauliza vitabu vingapi vimesikilizwa. Wachukueni wanachama watatu:

Wa kwanza amesikiliza vitabu 12 kwa mwaka. 179.40 gawanya kwa 12, kila kitabu kimemgharimu dola 14.95.

Wa pili amesikiliza vitabu 4. 179.40 gawanya kwa 4, kila kitabu kimemgharimu dola 44.85.

Wa tatu amesikiliza vitabu 2 tu. Kila kitabu kimemgharimu dola 89.70.

Kampuni ni moja, na ada ni moja, lakini yule wa tatu amenunua kitabu kwa bei mara sita ya yule wa kwanza. Nani aliyempandishia bei? Hapana mtu. Amejipandishia mwenyewe kwa kutosikiliza.

MAMA: Lakini mwalimu, yule wa tatu si anavyo vitabu vingine 10? Atasikiliza mwakani.

MWALIMU: Ni kweli, ikiwa alitoa krediti zake akachukua vitabu. Lakini mbegu iliyo guniani haijawa mahindi. Tena kuna jambo la kukumbuka. Krediti ya Audible ina mwisho wake, hufa baada ya mwaka mmoja tangu ulipopewa. Na ukijitoa katika uanachama huku una krediti mkononi, krediti hizo hupotea. Vitabu ulivyokwisha kuchukua hubaki, ila vyeti visivyotumiwa huondoka. Libro.fm krediti zake hazifi. Ndiyo sababu nasema kila kampuni soma masharti yake yenyewe.

4. Hesabu ya pili: muda

Kabla ya kuhesabu fedha tena, hesabu muda wako. Msomaji wa kitabu cha kusikiliza husoma maneno 150 hivi kwa dakika moja. Katika saa moja ni maneno 9,000. Kitabu cha maneno 90,000, ambacho ni kitabu cha hadithi cha kadiri, huchukua saa 10.

Mtu anayesikiliza nusu saa kila siku hupata saa 15 kwa mwezi wa siku 30. Yaani kitabu kimoja na nusu. Huyo krediti moja kwa mwezi yamtosha. Mtu anayesikiliza nusu saa mara moja tu kwa wiki hupata saa 2 kwa mwezi. Kitabu cha saa 10 kitamchukua miezi mitano! Huyo akilipa kila mwezi, anajipotezea fedha.

Wewe mama, una muda gani?

MAMA: Cherehani hupiga kelele, siwezi kusikia mtu akisema. Lakini kazi ya mkono haina kelele, kupiga pindo, kutia vifungo, kutoboa matundu. Kazi hiyo naifanya kama saa moja kila siku, Jumatatu hata Ijumaa.

MWALIMU: Vema sana. Saa 1 mara siku 5 ni saa 5 kwa wiki. Wiki nne ni saa 20. Wewe una muda wa kusikiliza vitabu viwili vya saa 10 kila mwezi. Mnaona, mabibi na mabwana? Mama hakuongeza saa hata moja katika siku yake. Ametumia saa ambayo mikono ina kazi lakini masikio hayana. Kila mmoja wenu atazame siku yake: kupepeta mchele, kumenya viazi, kuparura samaki, kutembea kwenda kazini. Lakini msisikilize mnapovuka barabara wala mnapopanda pikipiki. Hapo masikio yana kazi yake.

Hata hivyo kuna swali gumu zaidi, mama. Kiingereza unakifahamu kiasi gani? Vitabu vilivyo vingi katika maduka haya ni vya Kiingereza. Vya Kiswahili ni vichache.

MAMA: Nasoma polepole. Nikisikia mtu akisema upesi, nusu yanipita.

MWALIMU: Ahsante kwa kusema kweli. Basi sikiliza. Programu hizi zina mahali pa kupunguza mwendo wa msomaji. Ukiupunguza hata robo tatu, kitabu cha saa 10 kitachukua saa 13 na dakika 20. Muda umezidi, lakini maneno yataingia. Jambo la pili, ukiweza kupata kitabu hicho hicho kilichochapwa, fungua ukurasa, macho yafuate huku masikio yasikia. Neno la Kiingereza huandikwa hivi na kutamkwa vile, na hapo utaona na kusikia kwa pamoja. Lakini mtu asiyefahamu Kiingereza kabisa asilipe ada hii kwa kutumaini kwamba lugha itaingia yenyewe. Atasikia kelele kwa dola 14.95.

5. Vya bure kwanza

Wahenga walisema, haba na haba hujaza kibaba. Kabla ya kulipa, jaza kibaba chako kwa vya bure.

Kuna jumuiya iitwayo LibriVox. Ilianzishwa mwaka 2005 na Hugh McGuire wa Montreal, Kanada. Watu wa kujitolea husoma kwa sauti vitabu vya zamani ambavyo haki yake ya kuchapa imekwisha, na mtu ye yote aweza kuvichukua bila kulipa. Vipo maelfu. Charles Dickens yumo, Jane Austen yumo, Mark Twain yumo. Vingi ni vya Kiingereza, na vipo vya lugha nyingine. Kwa kuwa wasomaji ni wa kujitolea, wengine husoma vizuri sana na wengine si hodari. Sikiliza sura moja. Usipompenda msomaji, tafuta mwingine.

Wenzetu walio Marekani na Uingereza wana njia nyingine. Maktaba nyingi za umma huko huazimisha vitabu vya kusikiliza kwa programu iitwayo Libby. Huhitaji ada, wahitaji kadi ya maktaba. Kitabu hukaa nawe siku zilizowekwa, kisha hurudi chenyewe, wala hutozwi faini ya kuchelewa. Kitabu kinachopendwa huwa na foleni, na huenda ukangoja wiki kadhaa. Lakini mtu mwenye subira hupata hapo vitabu vipya ambavyo dukani ni fedha nyingi. Ninyi mlio huko mnaosikiliza somo hili, kama hamna kadi ya maktaba, kesho mwende mkaulize.

Mama, faida ya kuanza na vya bure ni mbili. Ya kwanza ni fedha. Ya pili ni kwamba utajijua. Ukimaliza vitabu viwili vya bure katika miezi miwili, wewe ni msikilizaji. Ukishindwa kumaliza hata kimoja, umejifunza jambo hilo bila kutoa hata senti ya binti yako.

6. Ukiamua kulipa: kanuni tano

Kanuni ya kwanza: krediti itoe kwa kitabu cha bei kubwa. Krediti moja hununua kitabu kimoja, kikiwa cha dola 30 au cha dola 5. Kitabu kikiuzwa dola 5, toa dola 5 na uweke krediti yako. Na kitabu cha zamani kilichoko LibriVox bure, usikitolee krediti, isipokuwa umempenda sana msomaji wa dukani.

Kanuni ya pili: tazama urefu wa kitabu. Kitabu cha saa 20 kwa krediti moja ya dola 14.95, kila saa ni senti 75 za dola. Kitabu cha saa 5, kila saa ni karibu dola 3. Lakini msifanye urefu kuwa ndiyo thamani. Kitabu kirefu kisichokupendeza ni mzigo mrefu. Tazama pia kama kitabu kimesomwa chote au kimefupishwa. Mahali pengine hupangwa vyote viwili, na mtu asiyetazama huchukua kilichokatwa.

Kanuni ya tatu: onja kabla ya kununua. Kila kitabu kina kipande cha dakika chache cha kusikiliza bure. Hapo hupimi kitabu tu, wampima msomaji. Sauti hiyo utakaa nayo saa 10. Ikikuchosha kwa dakika tatu, itakushinda kwa saa tatu.

Kanuni ya nne: pakua mara moja. Kupakua maana yake ni kukiingiza kitabu chote ndani ya simu, ili usikilize baadaye bila mtandao. Sauti ya ubora wa kadiri huchukua megabaiti 29 hivi kwa saa. Kitabu cha saa 10 ni megabaiti 290. Ukisikiliza kwa mtandao kila mara, na kurudia sura mara mbili, utalipa bando mara mbili. Ukipakua siku moja palipo na waifai, hutalipa bando tena. Watu wengi huhesabu ada ya kitabu na kusahau bando, kama mtu anayehesabu bei ya unga akasahau nauli ya kwenda sokoni.

Kanuni ya tano: usilipe mwaka mzima kabla ya kujijua. Audible iliuza krediti 12 kwa mara moja kwa dola 149.50, bei hiyo nayo ni ya Marekani ya mwaka 2024. Ukilipa mwezi kwa mwezi ni dola 179.40. Tofauti ni dola 29.90, sawasawa na ada ya miezi miwili. Faida nzuri, lakini kwa nani? Kwa yule anayemaliza vitabu vyote 12. Akimaliza 8 tu, 149.50 gawanya kwa 8, kila kimoja kimekuwa karibu dola 18.69. Angelipa mwezi kwa mwezi na kuacha baada ya mwezi wa nane, angelipa dola 119.60 tu. Bei ya jumla humfaa mwenye duka. Mnunuzi wa kilo moja haitaki gunia.

7. Mlango wa kutokea

Jambo la mwisho ndilo lililo kubwa. Ada hizi hujilipa zenyewe. Ukishatoa namba ya kadi ya benki, kampuni haitakuja kugonga mlango kila mwezi kuuliza kama bado wataka. Fedha hutoka tu. Duka la jirani yako likikuuzia sukari, huna budi kutoa fedha kwa mkono wako, na mkono huo hukumbusha moyo. Kadi haina mkono.

Kampuni nyingi hutoa kwanza mwezi mmoja wa majaribio bila malipo. Hii ni nafasi nzuri, lakini majaribio yakiisha na hukusema neno, umekuwa mwanachama wa kulipa. Basi siku ile ile unayojiandikisha, andika katika kalenda siku ya 27, na siku hiyo uamue: nakaa au natoka.

Na kutoka kuna njia yake. Wengi hufuta programu katika simu wakadhani wamejitoa. Kufuta programu si kujitoa. Ni kama kuacha kwenda nyumba uliyopanga bila kumwambia mwenye nyumba, na kodi yaendelea. Hapana budi uingie katika ukurasa wa akaunti yako, utafute mahali pa kujitoa, ufuate hata mwisho, na ungoje ujumbe wa kukuambia kwamba umetoka. Uhifadhi ujumbe huo. Na kabla ya kujitoa, tumia krediti zote zilizobaki. Kama shughuli zimezidi kwa muda tu, wakati wa mavuno au wa mitihani, uliza kama kampuni yaruhusu kusimamisha uanachama kwa mwezi mmoja au miwili.

MAMA: Mwalimu, sasa nimejua la kumwambia binti yangu.

MWALIMU: Utamwambia nini, mama?

MAMA: Nitamwambia ahsante, lakini angoje. Miezi miwili hii nitasikiliza vya bure, nami nitaandika katika daftari kila kitabu nilichomaliza. Nikimaliza viwili, atanilipia mwezi mmoja mmoja, si mwaka. Na mwisho wa kila mwezi nitampigia simu nimsimulie hadithi niliyosikia. Mwezi ambao sina hadithi ya kumsimulia, asilipe.

MWALIMU: Mabibi na mabwana, mama amefanya somo langu kuwa fupi kuliko nilivyolitunga. Neno lake la mwisho ndilo kipimo. Kitabu kilichosikilizwa ni kile unachoweza kumsimulia mwenzako. Andikeni sentensi moja ya kila sura katika daftari. Mkisahau, rudisheni nyuma msikilize tena, maana msomaji huyu hachoki wala hakasiriki. Tena muwasimulie watoto jioni. Ada hiyo moja itakuwa imewafundisha wengi nyumbani.

Kwaherini. Wiki ijayo tutajifunza kusoma risiti na hati ya malipo.

MUHTASARI WA KUANDIKWA UBAONI

1. Uliza: nikiacha kulipa, nitabaki na nini?
2. Ada ya mwaka gawanya kwa vitabu ulivyosikiliza, hiyo ndiyo bei halisi ya kitabu.
3. Hesabu saa zako kabla ya kuhesabu fedha zako.
4. Anza na vya bure.
5. Tumia krediti kabla ya kujitoa. Kufuta programu si kujitoa.

MASWALI YA KUFANYA DARASANI

1. Mwanachama analipa dola 7.95 kila mwezi. Je, kwa miezi 12 atalipa kiasi gani? Ikiwa amesikiliza vitabu 6, kila kimoja kimemgharimu kiasi gani?
2. Msikilizaji ana dakika 20 kila siku. Je, kwa siku 30 ana saa ngapi? Kitabu cha saa 10 kitamchukua siku ngapi?
3. Kitabu kina saa 12. Kila saa ni megabaiti 29. Kupakua kitabu kizima kutachukua megabaiti ngapi?
4. Elezeni tofauti kati ya uanachama wa krediti na uanachama wa ghala. Ni upi unaofaa mtu anayetaka kurudia kitabu kimoja mara nyingi?
5. Kwa mazungumzo: Je, nyumbani kwenu kuna malipo mengine yanayotoka kila mwezi bila kukumbukwa? Yatajeni, mwandike ni ya nini, na mseme kama yanatumika.

MAJIBU YA HESABU

1. Dola 95.40, na dola 15.90 kwa kila kitabu. 2. Saa 10, siku 30. 3. Megabaiti 348.